Mali bila daftari: mwongozo kamili wa kubuni meneja wa vifurushi kwa distro ya watengeneza programu

Wenye maduka wana msemo: mali bila daftari hupotea bila habari. Ukitaka kubuni meneja wa vifurushi (zana inayosakinisha, kusasisha na kuondoa programu kwenye distro, yaani toleo fulani la Linux), ubandike msemo huo juu ya skrini yako, kwa sababu wengi huanzia kusikofaa. Huanza na amri, rangi za terminali na mshale wa kuonyesha upakuaji unavyosonga. Miezi sita baadaye wanagundua kuwa zana yao haijui faili fulani ndani ya `/usr/lib` ni ya nani. Ukiziondolea mapambo, apt ya Debian, dnf ya Fedora, pacman ya Arch na apk ya Alpine zote ni daftari la stoo lenye kuli mmoja wa kubeba mizigo. Kuli anaweza kubadilishwa. Daftari likiharibika, umeharibikiwa.

Katika mwongozo huu zana yetu nitaiita `mzigo`, jina la kazi tu. Neno kifurushi nimelikwepa kwenye jina kwa makusudi: mwambie mtu wa Dar es Salaam "kifurushi kimegoma" uone kama hatakimbilia kununua bando.

## Hatua ya 1: Tenga mfumo na mradi

Mtumiaji wa kawaida anataka kivinjari kimoja kinachofanya kazi. Mtengeneza programu anataka mambo mawili yanayogombana: mfumo uliotulia, na papo hapo matoleo matatu ya Python kwa miradi mitatu. Distro nyingi zilijaribu kumridhisha kwa daftari moja, ugomvi ukazuka. Watu walipiga `sudo pip install` (pip ni kisakinishi cha Python yenyewe), maktaba mpya zikafunika zile za apt, na zana za mfumo zilizoandikwa kwa Python zikaanza kuanguka. Ndipo ikaja PEP 668, kanuni ya watunzaji wa Python, na faili yake `EXTERNALLY-MANAGED`: tangu Debian 12 ya mwaka 2023, pip inakataa kugusa Python ya mfumo usipoilazimisha. Kufuli zuri, ila limewekwa baada ya mlango kuvunjwa.

Sisi tuweke mpaka tangu siku ya kwanza. `/usr` ni eneo la mfumo: kila kifurushi toleo moja, vyote husasishwa pamoja. `/mzigo/stoo` ni eneo la zana za kazi: kila toleo lina folda yake, na matoleo kumi ya kitu kimoja yanaweza kuishi pamoja bila kuonana. Ghala la mtandaoni ni lile lile na msimbo ni ule ule. Kinachotofautiana ni kanuni za kila eneo. Maamuzi mengine yote hapa chini yamesimama juu ya mpaka huu.

## Hatua ya 2: Chora daftari

Debian huweka hali ya vifurushi kwenye faili la maandishi, `/var/lib/dpkg/status`. Linasomeka kwa `less` na, mambo yakiharibika kabisa, linatengenezeka kwa `vi`. Hiyo si faida ndogo. RPM, msingi wa vifurushi vya Fedora, ilikaa miaka mingi na hifadhidata ya Berkeley DB, na Fedora 33 ya mwaka 2020 ikahamia SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja. Mimi ningechagua SQLite moja kwa moja, kwa sababu inakupa muamala wa kweli (ama mabadiliko yote yanaingia, ama hakuna) bila kuuandika mwenyewe:

```
CREATE TABLE kifurushi (
  id INTEGER PRIMARY KEY,
  jina TEXT, toleo TEXT, hashi TEXT,
  eneo TEXT,      -- mfumo au stoo
  sababu TEXT     -- kimeombwa au kimevutwa
);
CREATE TABLE faili (
  njia TEXT PRIMARY KEY,
  kifurushi_id INTEGER NOT NULL,
  hashi TEXT,
  ni_usanidi INTEGER
);
```

`hashi` ni alama ya vidole inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya faili. Angalia mambo mawili. `njia` ni ufunguo mkuu, kwa hiyo vifurushi viwili haviwezi kumiliki faili moja. Mgongano unakamatwa na hifadhidata kabla haujafika diskini. Na safu ya `sababu` ndiyo itakayokuwezesha kufagia maktaba zilizovutwa na kitu ambacho mtumiaji alishakiondoa. Alpine imelifanya hili kwa namna ninayoipenda: `/etc/apk/world` huorodhesha yale tu uliyoyaomba, na mengine yote hukokotolewa kutoka humo. Orodha ya mtumiaji iwe fupi, isomeke, na aweze kuibeba kwenda kompyuta nyingine.

Toa pia nakala ya maandishi ya daftari kila muamala unapokamilika. Siku SQLite ikigoma kufunguka utaikumbuka.

## Hatua ya 3: Umbo la kifurushi

Faili la `.deb`, yaani kifurushi cha Debian, ni kumbukumbu ya `ar` (mafaili kadhaa yaliyofungwa kuwa moja) yenye vitu vitatu: `debian-binary`, kisha taarifa, kisha data. Mpangilio huo una akili: taarifa zimetangulia, hivyo unaweza kuzisoma bila kufungua mzigo wote. Uige.

Kwa mgandamizo tumia zstd na usipoteze wiki kubishana. Arch ilipohama kutoka xz mwishoni mwa 2019, jumla ya ukubwa wa vifurushi iliongezeka kwa takriban asilimia 0.8, huku kasi ya kuvifungua ikipanda kwa takriban asilimia 1,300.

Taarifa za kifurushi ziwe na sura hii:

```
jina = "jq"
toleo = "1.7.1-2"
usanifu = "x86_64"
hutegemea = ["so:libc.so.6", "so:libonig.so.5"]
```

Utegemezi umetajwa kwa jina la maktaba lililo ndani ya faili lenyewe la ELF, umbo la programu za Linux. Jina la kifurushi halikutajwa. Zana ya ujenzi iyasome majina hayo yenyewe, binadamu asiyaandike kwa mkono. Wanaotumia Arch wanaijua adhabu ya kupiga `pacman -Sy` kisha kusakinisha kitu kimoja: faharasa (orodha ya vifurushi vilivyomo ghalani) ni mpya, mfumo ni wa zamani, na programu inatafuta maktaba ambayo haipo. Utegemezi wa `so:` unaizuia zana kufika huko.

Kulinganisha matoleo kunaonekana kazi ya dakika kumi. 1.10 ni kubwa kuliko 1.9, lakini ukilinganisha kama maandishi utapata kinyume. Kisha kuna 1.0 ya majaribio inayopaswa kuja kabla ya 1.0 kamili. Debian ililimaliza kwa alama ya `~`, ambayo hupangwa kabla ya kila kitu, hata kabla ya mwisho wa neno. Kwa hiyo `1.0~rc1` hutangulia `1.0`. Chukua kanuni zao kama zilivyo pamoja na majaribio yao. Hapa ubunifu hauna malipo.

## Hatua ya 4: Ghala, sahihi na bando la mtu

Usitie sahihi ya kidijitali kifurushi kimoja kimoja ukadhani umemaliza. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona walikodi seva, wakaomba ziorodheshwe miongoni mwa seva za nakala za distro kadhaa maarufu, wakakubaliwa. Mwenye seva ya nakala hahitaji kughushi sahihi yako. Anaweza kukupa kifurushi cha mwaka jana, chenye sahihi halali na tundu linalojulikana, akakuacha hapo.

Kwa hiyo unachotia sahihi ni faharasa. Faharasa ina hashi ya SHA-256 ya kila kifurushi, ina namba inayopanda tu, na ina tarehe ya kuisha. Debian hutumia mnyororo huu: `InRelease` yenye sahihi hubeba hashi ya `Packages`, na `Packages` hubeba hashi za `.deb`, uga wa `Valid-Until` unasema faharasa ichachuke lini. Ukitaka kwenda mbali zaidi soma muundo wa TUF (The Update Framework), unaogawa madaraka kwa funguo kadhaa: ufunguo mkuu ukae nje ya mtandao, na ule wa kutia sahihi kila siku uwe na uwezo mdogo. Ukiibiwa ule mdogo, unaubadilisha kwa kutumia mkuu bila kumwomba kila mtumiaji afanye lolote. Kwa sahihi zenyewe mbinu ya Ed25519 inatosha: ufunguo wa umma ni baiti 32, sahihi ni baiti 64.

Sasa bando. Wabunifu wengi wa zana hizi wanakaa kwenye intaneti isiyopimwa, na inaonekana. Debian 12 ilitoka na vifurushi zaidi ya 64,000. Kushusha faharasa nzima kila asubuhi ili usakinishe `tree` ni kumkata mtu mfuko. Igawe: faharasa moja nyembamba yenye jina, toleo, hashi na utegemezi, na nyingine ya maelezo na orodha za mafaili inayoshushwa pale tu mtu anapotafuta. Toa tofauti kati ya faharasa ya jana na ya leo. Kila upakuaji uweze kuendelea ulipoishia kwa HTTP `Range`. Na kabla ya kushusha chochote, onyesha megabaiti zitakazotumika. Mtu anayefanya kazi kwa hotspot ya simu anastahili kuulizwa.

## Hatua ya 5: Kitatuzi, na kwa nini usikiandike

Kitatuzi ndicho kinachoamua ni vifurushi gani viingie pamoja. Mtumiaji anaomba A. A inataka B au C. C inagombana na D, ambayo tayari ipo. Ukiruhusu "au" na "inagombana" kwa pamoja, watafiti wa mradi wa EDOS wa Ulaya walishaonyesha kuwa umeingia kwenye familia ya matatizo ya NP-kamili. Kwa maneno ya mtaani: hakuna njia ya mkato inayojulikana itakayofaa kila mara, na kitatuzi chako cha mizunguko miwili ya `for` kitapita majaribio yote, kisha kimwaibishe mtu wa kwanza mwenye mfumo uliochanganyika.

Kuna vitatuzi viwili vilivyo tayari vya kuchagua. Libsolv ilizaliwa openSUSE, ikaingia kwenye zypper, meneja wake wa vifurushi, mwaka 2008, na baadaye ikawa injini ya dnf. Ina kasi na imekomaa. PubGrub, iliyotungwa na Natalie Weizenbaum kwa ajili ya lugha ya Dart na kutangazwa mwaka 2018, ina kipaji kingine: ikishindwa, inaeleza kwa nini, hatua kwa hatua. Kwa distro ya watengeneza programu nachagua PubGrub bila kusita. Watu hawa hukwama kila siku, na maelezo mazuri ya kukwama yana thamani kuliko sekunde mbili.

Halafu ufanye tatizo lenyewe kuwa dogo. Ghala la mfumo libebe toleo moja la kila jina. Mtu akihitaji matoleo mawili makubwa ya kitu kimoja, yape majina mawili, kama Debian inavyofanya kwa `postgresql-15` na wenzake. Sehemu kubwa ya ugumu huyeyuka hapo, na kitatuzi kinabaki na kazi ya heshima.

## Hatua ya 6: Muamala

Hapa ndipo zana huishi au hufa.

Nililijua hili kwa njia ya shida. Kompyuta ya mezani, hakuna UPS, usasishaji umefika katikati, umeme ukakatika. Uliporudi mashine haikuwaka. Niliifungua kwa flashi nikakuta mafaili ya maktaba yenye majina sahihi, ruhusa sahihi, na ukubwa wa baiti sifuri. Daftari lilisema kila kitu kimesakinishwa.

Kila anayetuma pesa kwa simu anajua muamala ni nini: ama zimeenda, ama hazijaenda. Zana yetu ifuate mwendo huu, na usiruke kituo hata kimoja:

1. Kokotoa mpango mzima, uuonyeshe, upate idhini.
2. Shusha vifurushi vyote. Hakiki hashi zote. Mpaka hapa hakuna faili hata moja ya mfumo iliyoguswa.
3. Kagua nafasi ya diski na migongano ya mafaili dhidi ya daftari.
4. Andika mpango kwenye jarida, piga `fsync` (amri ya kulazimisha data iandikwe diskini) kwa faili la jarida na kwa folda linalolibeba.
5. Fungua kila faili pembeni ya mahali pake kwa jina la muda, mfano `libz.so.1.mzigo-mpya`.
6. Hakikisha data yote imefika diskini.
7. Badilisha majina kwa `rename`.
8. Funga muamala wa SQLite, kisha futa jarida.

Zana ikiwaka na kukuta jarida, inajua ilikatika wapi. Kabla ya kituo cha 7 inafuta mafaili ya muda na kurudi nyuma. Tangu cha 7 inasonga mbele mpaka mwisho. Haimuulizi mtu.

Kwa nini `rename`, badala ya kuandika juu ya faili la zamani? Kwanza, ndani ya mfumo mmoja wa mafaili anayelifungua jina hilo hupata la zamani zima au jipya zima, kamwe si nusu. Pili, programu zinazoendelea kukimbia bado zimeishika inode ya zamani (faili lenyewe diskini, nyuma ya jina), na itaendelea kuwepo mpaka ziiachie. Ukiandika juu ya maktaba iliyo kwenye kumbukumbu ya programu hai, utaiua. Ndiyo maana jina la muda lazima liwe kwenye mfumo ule ule wa mafaili. Ukilitengenezea `/tmp` na `/tmp` ikawa mfumo mwingine wa mafaili, kernel itakurudishia kosa la `EXDEV`.

Kituo cha 6 ndicho kilichonilaza bila mashine. `rename` inaweza kufika diskini kabla ya data yenyewe, na hapo ndipo baiti sifuri zinapotoka. Lakini kupiga `fsync` kwa mafaili elfu kumi moja baada ya jingine kunafanya usasishaji utambae, mpaka watu wakaifunga dpkg, zana ya Debian iliyo chini ya apt, ndani ya `eatmydata` ili ipuuze `fsync` kabisa. Andika yote kwanza, kisha piga `syncfs`, inayofanya hivyo kwa mfumo mzima wa mafaili, mara moja, kisha badilisha majina. Umelipa gharama moja badala ya elfu kumi.

Hata hivyo majina elfu kumi hayabadiliki kwa pigo moja, na mtu anaweza kuwasha programu katikati ya zoezi. Kwa eneo la mfumo ninaongeza kinga: picha (nakala ya papo hapo) ya mfumo wa mafaili wa Btrfs kabla na baada, kama openSUSE inavyofanya kwa Snapper, ikiwa na chaguo la kurudi nyuma kwenye GRUB, menyu ya kuwashia mashine. Kwa stoo, mambo ni rahisi zaidi. Nix, kazi aliyoianza Eelco Dolstra mwaka 2003, ilionyesha njia: kila kifurushi kikae kwenye folda yenye hashi ndani ya jina lake, kisiguswe tena, na kuhama toleo kuwe ni kugeuza kiungo (symlink) kimoja tu. Kiungo kimoja hugeuzwa kwa `rename` moja. Kurudi nyuma ni kukigeuza tena.

Utaniuliza, mbona basi tusifanye mfumo wote kama Nix? Kwa sababu programu nyingi zilizokompailiwa kwingine hutarajia kukuta kipakiaji cha programu, `/lib64/ld-linux-x86-64.so.2`, mahali pake, na kwenye NixOS, distro ya Nix, haziikuti ile zinayoitarajia. Mtengeneza programu hushusha vitu kama hivyo kila wiki. Sitaki jioni yake ya kwanza na distro yangu iishie hapo.

## Hatua ya 7: Waondoe skripti mlangoni

Skripti za usakinishaji hukimbia kwa mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), hushindwa katikati, na haziwezi kurudishwa nyuma. Moja ikianguka, muamala wako mzuri wa hatua ya 6 umechafuka. Ukizichunguza utaona nyingi hufanya mambo yale yale: kuongeza mtumiaji wa mfumo, kutengeneza folda, kupiga `ldconfig`, kujenga upya hifadhi ya fonti. Yote yanaweza kutangazwa badala ya kuandikwa kama msimbo. `sysusers.d` na `tmpfiles.d` za systemd zinabeba mawili ya kwanza. Yaliyobaki yawe vichocheo vya zana yenyewe, kila kimoja kikimbie mara moja tu mwishoni mwa muamala, hata kama vifurushi hamsini vimekihitaji.

Mafaili ya usanidi yahitaji hashi tatu: ya toleo lililokuja awali, ya faili lililopo sasa, na ya toleo jipya. Mtumiaji asipoligusa, badilisha kimyakimya. Akiligusa na toleo jipya halijabadilika, liache. Yote mawili yakibadilika, weka jipya pembeni, kama pacman na `.pacnew` yake, umjulishe. Usimsimamishe katikati kumuuliza.

## Hatua ya 8: Mazingira ya mradi

Hiki ndicho mteja wako alichokujia. Ndani ya folda ya mradi kuna `mzigo.toml` inayosema unachotaka, na `mzigo.funga` inayosema ulichopata: kila kifurushi kwa hashi yake. Zote mbili ziingie Git, hifadhi ya historia ya msimbo. Mwenzako wa Mombasa akipiga `mzigo ingia`, zana inasoma faili la kufunga, inashusha kinachokosekana kwenye stoo, inajenga folda ya viungo na kumfungulia terminali yenye `PATH` yake. Miradi kumi ikitumia Node ile ile, diskini ipo moja.

Mambo mawili yatakuuma. La kwanza ni glibc, maktaba ya msingi ya lugha ya C kwenye Linux. Vifurushi vya stoo hutumia glibc ya mfumo, na glibc hulinda programu za zamani lakini si kinyume chake. Ukivijenga kwenye mashine mpya, mtu mwenye mfumo wa zamani ataona kwamba `GLIBC_2.38` haipatikani. Vijenge daima juu ya msingi wa zamani kabisa unaouhudumia. La pili ni kufagia: stoo itajaa. Kila mradi uandikishe kiungo kinachoelekea faili lake la kufunga. Mtu akifuta folda ya mradi kiungo kinabaki bila kitu upande wa pili, na ufagiaji ujao utajua vifurushi vyake havina mwenyewe.

## Hatua ya 9: Jiko

Ujenzi ufanyike ndani ya chumba kilichofungwa, kwa bubblewrap au namespaces za kernel moja kwa moja (njia za kuitenga programu na mfumo mwingine), bila intaneti. Vyanzo vyote vitajwe mapema kwa hashi. Weka `SOURCE_DATE_EPOCH` ili saa ya ukutani isiingie kwenye matokeo, jenga mara mbili kwenye mashine mbili, ulinganishe baiti.

Hashi peke yake haitoshi. Machi 2024 Andres Freund aligundua mlango wa nyuma kwenye xz 5.6.0 na 5.6.1, baada ya kushangaa kwa nini kuingia kwa SSH kulichelewa karibu nusu sekunde. Kiungo muhimu cha hila hiyo kilikuwa kwenye kifurushi cha chanzo kilichotolewa kwa umma, na hakikuwemo kwenye hazina ya Git. Waliohakiki hashi ya faili lile waliihakiki sawasawa. Faili lenyewe ndilo lilikuwa na sumu. Jenga kutoka kwenye Git pale inapowezekana. Isipowezekana, zana ya ujenzi ionyeshe tofauti kati ya faili la chanzo na Git, na mtu aisome.

## Hatua ya 10: Ulimi wa zana

Mwaka 2021 mtengeneza video mmoja maarufu alijaribu kusakinisha Steam, duka la michezo ya kompyuta, kwenye distro ya Pop!_OS. Apt ilimwonya kuwa itaondoa vifurushi vya lazima na kumtaka aandike sentensi nzima ya kukubali. Akaandika. Mazingira ya mezani yakaondoka. Onyo lilikuwepo, ila lilizama ndani ya orodha ndefu ya majina, na mtu anayetaka jambo lake lipite huandika chochote anachoambiwa. Kuondoa vitu vya lazima kusiwe kwenye njia ya amri ya kusakinisha kabisa. Mpango ukigusa hayo, kataa na ueleze. Anayetaka kweli atumie amri nyingine, kwa miguu yake.

Amri ziwe chache: `weka`, `toa`, `tafuta`, `sasisha`, `rudi`, `ingia`. Kila moja iweze kutoa JSON, matokeo yanayosomeka na programu nyingine. Ikikimbia bila terminali, kama ndani ya kontena, isiulize swali lolote: ama inaendelea kwa kanuni zinazojulikana, ama inaanguka na msimbo wa kutoka unaoeleweka.

## Hatua ya 11: Iue mara elfu

Jaribio la kwanza ni la kitatuzi: tengeneza maghala madogo ya kubahatisha yenye vifurushi sita au saba, tafuta jibu kwa kujaribu kila mchanganyiko, linganisha na jibu la zana. La pili ni la kuhama kutoka kila toleo la distro ulilowahi kutoa kwenda jipya.

La tatu ndilo la usiku kucha. Washa mashine pepe ya QEMU (kompyuta ndani ya kompyuta), anzisha usasishaji, na uue mchakato mzima wa QEMU kwa `kill -9` baada ya muda wa kubahatisha, ukiwa umeweka `dm-flakey` chini ya diski ili baadhi ya maandishi yapotee kama yanavyopotea umeme ukikatika. Iwashe tena. Subiri jarida lifanye kazi yake, kisha pitia kila mstari wa jedwali la `faili` ulinganishe hashi yake na kilichopo diskini. Rudia. Mimi nilipofanya hivi mara ya kwanza nilijiamini kabisa, na jaribio la 41 likaleta faili la baiti sifuri: nilikuwa nimepiga `fsync` kwa faili la jarida na kulisahau folda lake.